Pazia la Kipepeo

Kipepeo iliruka juu ya vichwa vya wageni mia tatu bila hata kuvuma. Ilikuwa kamera ndogo kama kiberiti, yenye mabawa mawili, na picha yake ilikuwa kali kiasi kwamba mtu aliyeko Kondoa angeweza kuhesabu kope za bi harusi aliyeketi Dodoma. Enzi za mabibi zetu, kamera ilisifiwa kwa mistari elfu moja na themanini ya picha. Siku hizi hakuna anayehesabu mistari. Kamera inasifiwa kwa kusafisha. Jasho, chunusi, doa la ukungu ukutani, vyote hufutwa kabla picha haijafika kwenye skrini.

Aliyeifundisha kusafisha ni Veronika Chidawali. Kabla ya kuwa mhandisi alipiga video za sherehe kwa miaka tisa, na wateja wake aliwajua vizuri. Kamati ya harusi ingeweza kumsamehe bwana harusi aliyechelewa saa tatu, lakini si video yenye ukuta mchafu nyuma ya meza kuu. Kwa hiyo aliiandikia Kipepeo kanuni moja: kasoro yoyote iliyo nyuma ya meza kuu ifutwe. Kampuni iliipenda kanuni hiyo, ikaipanua, kisha ikaziuza kamera hizo hizo kwa wakaguzi wa majengo. Wakaguzi nao walifurahi, maana hakuna jengo lililoonekana bovu tena.

Alasiri hiyo ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi, na bi harusi alikuwa Sechelela, mtoto wa dada yake. Veronika alikaa pembeni na kishikwambi chake, akiiongoza kamera. Ndipo akaona hesabu ya ajabu. MC, ambaye alikuwa akirukaruka tangu saa nane, alikuwa amefutwa jasho mara mia moja. Sechelela, aliyekaa kimya kama picha, alikuwa amefutwa mara elfu mbili. Na kiyoyozi kilikuwa kikali hivi kwamba wageni wa mbele walijifunga mitandio.

Veronika alitazama nyuma ya bi harusi. Chini ya mapambo kulikuwa na ukuta-betri, ule unaohifadhi umeme wa jua kwa ajili ya ghorofa hamsini za juu. Ukuta wa namna hiyo ukizidiwa na joto hupasuka na kuwaka.

Akamtafuta Bwana Ndahani, msimamizi wa jengo, aliyekuwa akila pilau mlangoni. Ndahani hakuacha hata kijiko. Alimwambia kuwa kuta hizo huwa na joto siku zote, ndiyo kazi yake, kisha akamfungulia ripoti ya ukaguzi ya juzi. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, bila ufa. Picha ilipigwa na Kipepeo.

Veronika aliujua weupe ule, maana kanuni yake aliiandika mwenyewe.

Ndani ya kila Kipepeo kulikuwa na uwezo wa kuona miale ya infraredi, ambayo jina lake la mtaani ni miale-joto, lakini uwezo huo ulifungwa na kinga iliyoitwa pazia; likiondolewa, kamera huacha pia kusafisha. Sababu ilikuwa ya heshima. Zamani, kamera za nyumbani zilipoanza kurekodi gizani kwa miale hiyo, watu wasio na haya waligundua kwamba hupenya nguo nyepesi, wakawaelekezea wanawake mchana kweupe. Ikaja Sheria ya Stara: kuondoa pazia ni kifungo cha miaka saba.

Alijaribu kwanza njia ya kistaarabu. Alimnong'oneza mwenyekiti wa kamati, akaambiwa meza kuu haiinuki kabla ya keki kukatwa, wakwe watajisikia wamefukuzwa. Akasema ataonyesha ushahidi. Ndahani, aliyekuwa amemfuata akifuta mdomo, alicheka na kuwaambia wazee kwamba mhandisi wa kamera anaweza kutengeneza picha yoyote anayotaka. Katika hilo hakukosea.

Veronika akachukua maikrofoni. Hakuielekeza kamera ukutani, kwa kuwa mbele ya ukuta walikaa watu waliovaa nguo za sherehe, nyepesi. Aliielekeza kwake mwenyewe, akaondoa pazia.

Skrini kubwa ya ukumbi ilimwonyesha kama alivyozaliwa, na kama alivyokatwa. Upande mmoja titi lenye joto, upande wa pili ubapa wenye kovu refu. Kwa miaka sita, Kipepeo ilikuwa ikimrudishia titi la upande huo katika kila picha ya familia, na hakuna aliyeisema saratani yake kwa sauti.

"Mnanijua," alisema. "Semeni ninyi, picha hii nimeitengeneza?"

Dada yake, mama wa bi harusi, ndiye aliyemwogesha baada ya upasuaji. Alisimama.

"Ni yeye. Jicho hili linasema kweli. Sechelela, inuka, mwanangu, na ninyi wakwe zangu mtusamehe."

Meza kuu ikainuka, keki ikabaki. Viti vilipokuwa vitupu, Veronika aliigeuza kamera, na ukuta ukaonekana uking'aa kama chuma kwenye moto wa fundi wa kuchomelea. Hakuna aliyehitaji maelezo. Watu walitoka, wakapiga kengele za ghorofa zote, na mtu wa mwisho, Veronika, alikuwa barabarani pale ukuta ulipopasuka na cheche ikamchoma paji la uso.

Kesho yake Veronika aliitwa kituo cha polisi kwa kosa la kuondoa pazia. Wakili wa kampuni alishafika kabla yake. Alimweleza kwamba shtaka lingefutwa iwapo angetamka kuwa kamera yake ilikuwa mbovu na kuomba radhi kwa umma. Veronika alimwambia kamera ni nzima, kilicho kibovu ni kanuni, na atalisema hilo mahakamani kwa jina lake mwenyewe.

Afande akaendelea na fomu. Kipepeo ya kituo ikampiga picha ya mshtakiwa, ikatokea kwenye skrini: mwanamke mwenye matiti mawili, bila alama ya moto kwenye paji la uso.

"Thibitisha hapa, mama."

"Huyu simjui, Afande. Mkimpata, mshtakini. Mkinitaka mimi, ondoeni pazia mnipige kama nilivyo."

Afande alimtazama wakili. Wakili alitikisa kichwa: kuondoa pazia ni miaka saba, hata kwa polisi. Veronika akavuta kiti, akakaa kusubiri.