Taya la Paka wa Kaburini

"Anaelekea Kinoo," Awiti alisema kwenye redio ya kofia.

"Sanduku kwanza," mkuu wake wa polisi, Kitavi, alijibu. "Na huyo mtu namtaka hai."

Awiti aliongeza mwendo.

Pikipiki yake ya Yamaha ilipita mtaa wa Uthiru ikinguruma. Mbele yake, Subaru nyeusi ilikuwa imebeba sanduku la mifupa ya paka aliyezikwa miguuni pa mwanamke huko pwani, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Paka wa melini, aliyefuata panya, nao panya wakafuata nafaka. Ushahidi wa jinsi paka wa nyumbani walivyofika huku.

Profesa mmoja Mzungu aliitaka. Angeifukia kwao, kisha aichimbue mbele ya kamera, ugunduzi uonekane wake.

Aliyeifukua kwanza alikuwa Daktari Dalmas, mwanaakiolojia, mume wa Awiti. Akiwa bado ndani ya shimo la uchimbaji, mtu aliiondoa ngazi, kisha shimo likaporomoshwa juu yake.

Wiki saba sasa.

Subaru ilikata kushoto, ikaingia yadi ya mawe ya ujenzi. Awiti alichomoa bastola yake, Glock.

Risasi mbili. Matairi mawili.

Quincy Mwaura alishuka mikono juu. Ndiye aliyemsimamia Dalmas siku ya harusi.

"Shemeji, tafadhali! Sikujua watamuua."

"Mzungu wako ako wapi?"

"Ananingoja Jamhuri. Kwa geti ya showground."

"Kitavi, umesikia?"

"Vijana wangu wako karibu."

Walingoja, bastola ikiwa usoni pa Quincy. Kisha redio ikakoroma.

"Tumemshika. Ana pasipoti tatu. Mlete huyo wako."

"Bado." Awiti alisogea. "Ngazi ilitolewa na nani?"

Quincy alitazama chini. "Ni mimi."

Kidole cha Awiti kilikaza kwenye kifyatulio.

"Awiti," Kitavi aliita. "Hai."

Awiti alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Mama, kuna mtu hapa ana neno na wewe." Akamgeukia Quincy. "Mamake Dalmas. Mwambie."

"Shemeji, afadhali uniue."

"Mwambie."

"Mama... ni Quincy."

"Quincy mwanangu! Ulipotelea wapi? Umekula?"

Quincy alipiga magoti kwenye kokoto. Akasema yote.



"Rudia," mama alisema polepole. "Rudia, mwanangu. Sikusikia vizuri."

Akarudia, akilia.

Awiti alilitoa sanduku garini, akalifungua. Taya dogo lilikuwa limelala kwenye sponji, zima, meno yote mahali pake. Akalifunga sanduku, akalibana kwapani. Akampiga Quincy pingu kwenye mlango wa Subaru, vijana wa Kitavi waje wamchukue hapo, akaiacha simu juu ya boneti, akaenda zake kwenye pikipiki bila kugeuka.

Nyuma yake, sauti ya mama ilikuwa imetulia kabisa.

"Tena."