Nyongeza Kabla ya Kipimo

Kila asubuhi ya likizo Hoda aliosha madumu ya maziwa, kisha akamfuata mama yake, Fahmo, hadi sokoni Isiolo. Fahmo aliuza maziwa ya ngamia, na wateja walimpenda kwa jambo moja. Akishajaza kikombe cha kupimia, huongeza tone bure. Hiyo ndiyo nyongeza, na muuzaji asiyeitoa huitwa bahili mpaka na mbuzi wa sokoni.

Siku moja alipita kijana wa benki. Fahmo hakukielewa Kiswahili chake cha haraka, kwa hivyo Hoda alifasiri.

"Mama, fungua akaunti ya kadi," kijana alisema. "Ukinunua kitu na kadi, benki inakurudishia pesa kidogo. Na msichana tunampatia hii begi ya shule."

Kisha akataja upesi ada ya kila mwezi, na kiasi ambacho lazima kibaki katika akaunti. Lakini macho ya Hoda yalikuwa kwenye begi jekundu.

"Hooyo, benki inatoa nyongeza," alimwambia mama yake.

"Basi ni watu wazuri," Fahmo alisema, akatia sahihi.

Tangu hapo Fahmo aliweka benki pesa zote za maziwa. Ili arudishiwe kidogo, alikwenda supamaketi kununua kwa kadi sabuni za manukato asizozihitaji. Mwisho wa mwezi Ado, mfugaji aliyemletea maziwa, alikuja kutaka haki yake. Fahmo akaenda kutoa pesa, mashine ikakataa. Zilikuwamo, lakini hazikutoka.

"Fahmo, nakuheshimu," Ado alisema, "lakini ngamia yangu hainywi heshima. Kesho nisipolipwa, maziwa nampatia muuzaji mwenzako Kinsi."

Bila maziwa ya Ado, Fahmo hangekuwa na cha kuuza. Alikaa juu ya dumu tupu kama mbuzi aliyejizungushia kamba mwenyewe. Hoda alitaka kusema, akaogopa, akaogopa zaidi kunyamaza.

"Hooyo, yule kijana alitaja ada, na pesa za kubaki," alisema akilia. "Sikukwambia. Nilitaka begi."

Fahmo aliinuka. "Lichukue begi. Twende."

Benki walimkuta karani aliyeitwa Jecinta.

"Hii akaunti si mbaya, mama," alisema. "Mtu wa mshahara, analipa kila kitu na kadi, inamfaa. Lakini wewe unalipa wafugaji pesa mkononi. Ada inakula kuliko ile inarudi. Hamia ile ya kawaida, haina ada ya mwezi na utatoa pesa yako yote. Lakini zawadi itarudi."

Hoda alifasiri neno kwa neno. Kisha akaliweka begi mezani, bado likiwa ndani ya plastiki yake, akageuza uso. Adhuhuri Ado alikuwa amelipwa.

Sokoni, Fahmo alijaza kikombe, akaongeza tone.

"Tazama, mwanangu. Nyongeza hutiwa kipimo kikishajaa. Wale wa benki walichota kwanza kwenye kikombe changu, wakanirudishia tone, nami nikashukuru. Ukipewa cha bure, uliza kwanza kimetoka kikombe cha nani."

"Ndiyo, Hooyo."

"Na ukinifasiria tena, nifasirie yote. Hata yale yasiyo na begi."