Basi Lililoshuka Bila Gia

Usijifanye hujaona. Kila asubuhi unapanda gari, dereva kaweka simu sikioni, nawe unageukia dirishani. Mwalimu wako vilevile. Na baba yako.

Binti mmoja wa darasa la sita naye alikuwa hivyo. Mama yake aliendesha basi la shule, na yeye alikaa kiti cha nyuma yake. Wakifika juu ya mteremko wa shule, mama aliitoa gia ili kuokoa mafuta, kama alivyofundishwa na kaka yake. Basi likashuka lenyewe, kimya, watoto wakipiga kelele: "Teleza, Mama Basi, teleza!" Leseni alipewa zamani, kwa kuzunguka uwanja tu. Siku hizo zilitolewa kama njugu, na wakubwa waliozitoa hawajaulizwa mpaka leo.

Mwaka huo ikaja amri: madereva wote wa shule wapimwe upya. Mama akaanguka mtihani, palepale kwenye mteremko.

"Mama, hapo hukuendesha," mkaguzi alimwambia. "Ulibebwa. Breki zikichoka, utashika nini?"

Basi likapewa dereva mwingine. Mama asipofaulu marudio, kazi imekwenda. Shuleni, binti akasema mama anaumwa.

"Nani anaumwa?" mama aliwaka aliposikia. "Nimeanguka mtihani, mwanangu. Twende ukaone ninavyojifunza."

Kwenye uwanja wa mafunzo, kijana mmoja aliyekaa nyuma ya usukani akamcheka. "Bibi, umemsindikiza mjukuu?"

"Funga mkanda kwanza, mume wangu, ndipo ucheke!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kijana akaufunga upesi.

Siku ya marudio binti alisimama chini ya mteremko. Basi likatokea juu, gia ya pili, injini ikinguruma, likashuka taratibu kama limeshikiliwa kwa kamba kutoka nyuma. Mkaguzi akampa mama mkono. "Sasa umeendesha."

Jumatatu watoto wakauliza, "Mama Basi, umepona?"

Binti akasimama mbele yao. "Hakuumwa. Nilidanganya. Alianguka mtihani, akasoma, akafaulu. Na ni mama yangu!"

Makofi yakalipuka. Mama akawageukia. "Mliniona nikikosea kila siku, mkashangilia. Kosa ni langu, mimi ndiye mkubwa. Ila shikeni hili: kupimwa na kufundishwa upya si aibu kwa dereva. Aibu ni kubeba roho za watu kwa mazoea."

Sasa wewe. Funga kitabu. Nenda kamuulize dereva wako, leo hii, alipimwa lini mara ya mwisho. Akinyamaza, mwambie mwalimu, mwambie mzazi, na usikubali kunyamazishwa. Inuka!