Dirisha la Bibi Mohsharif

Kila asubuhi kabla ya shule, Savri alimpelekea bibi yake chai ya kijani na mkate, kisha akamsimulia mambo ya barabarani. Tangu avunjike nyonga, Bibi Mohsharif hakutoka, na chumba chake hakikuwa na dirisha upande wa barabara.

"Nani kapita leo?"

"Mke wa mwalimu, Bibi. Ana kilemba kipya."

"Cha rangi gani? Mbona unasimulia nusu nusu, mtoto wewe!"

Ikafika siku ya hashar, kazi ya ujima. Majirani walikuja kukijengea chumba cha bibi ukuta mpya wa matofali ya udongo, wenye dirisha la kutazama barabarani, na ujira wao ulikuwa pilau tu. Kesho yake wangerudi mashambani kuvuna viazi. Ukuta ungekuwa mnene na dirisha lingezama ndani yake, ili pabaki ukingo mpana ambapo bibi angeegemea na bakuli lake la chai.

Ami Saidmurod, aliyekuwa fundi, alimkabidhi Savri ufito uliokatwa kwa upana wa dirisha.

"Kila safu pima uwazi kwa huu. Usiutumie kwa kazi nyingine, umesikia?"

"Nimesikia, Ami."

Saa nne bata mzinga akavamia karai la karoti za pilau. Savri akamrushia pigo kwa ule ufito, likaangukia jiwe, na ncha yake ikakatika. Akakisukumiza kile kipande motoni, chini ya sufuria, akaendelea kupima kwa uliobaki.

Zilipotimia safu tano, Bibi, aliyekuwa amebebwa na kulazwa kivulini uani, akainua shingo.

"Saidmurod, dirisha hilo ni langu au la paka?"

Fremu ikaletwa. Haikuingia, hata walipoisukuma kwa ubavu.

"Aliyetengeneza fremu kalewa," alisema jirani Gulom.

"Nimeitengeneza mimi, bwana!" Ami akang'aka.

"Basi ikate, mambo yaishe."

Ami akachukua msumeno. Savri akamtazama bibi yake, ambaye angechungulia dunia kwa jicho moja maisha yake yote.

"Ami, usikate! Nilivunja ufito. Nilikuwa nampiga bata mzinga."

Ami akautua msumeno chini.

"Bata mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Bibi.

"Yule pale. Anakula karoti."

"Sasa hapo ulimpiga nani?"

Uani pakalipuka kicheko. Udongo ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo matofali yalinyanyuliwa bila taabu. Ami hakukata ufito mwingine. Alipigilia mbao zikawa sanduku lisilo na uso wala mgongo, pana kuliko fremu kwa kidole kimoja, akalisimamisha mahali pa dirisha. Wakajenga kulizunguka, hakuna kupima, hakuna kubishana. Juu wakalaza boriti, wakachomoa sanduku, na fremu ikateleza ndani mpaka kina walichotaka.

"Kumbe rahisi hivi! Mbona hukuanza nalo?" Gulom aliuliza.

"Nilidhani nina mpimaji," Ami akajibu.

Jioni Bibi aliegemea ukingoni, Savri ubavuni pake.

"Umesema udongo ukiwa mbichi, tumepoteza safu tano tu," alimwambia. "Ungenyamaza mpaka kesho, ukuta ungekuwa mkavu na watu wameshakwenda shambani. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku ile ile, hata kama miguu inatetemeka."

"Nimeelewa, Bibi."

"Vizuri. Sasa sogea, unaniziba."