Kiuno cha Sikuzani

Kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mji ule ulikuwa ukiishi kwa misafara. Wapagazi walishuka kutoka bara na mizigo mabegani, wakafika na njaa. Walitaka ugali, maharage na mahali pa kunyoosha miguu. Nyumba nyingi zilipata riziki kwa kuwalisha.

Mojawapo ilikuwa nyumba ya Mwinyijuma, fundi wa kujenga kwa mawe na chokaa. Mwinyijuma alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Mkubwa aliitwa Sikuzani. Mdogo aliitwa Mgeni. Sikuzani alitwanga mtama, Mgeni alipika, na wote wawili waliuza. Sikuzani alikuwa na binti mdogo, Sihaba, ambaye meno yake ya kwanza yalikuwa hayajaanza kung'oka. Mgeni hakujaliwa mtoto. Basi Sihaba alikula kwa Mgeni na kulala kwa Mgeni, na alipoota ndoto mbaya alimwita Mgeni. Sikuzani hakuona vibaya, maana kazi zilimzidi. Watu wa mtaani walisema uke wenza wa nyumba ile ni wa ajabu, hauna moshi.

Kinu cha nyumba ile kilikuwa kizito, kimechongwa kwa gogo la mkwaju. Jioni kiliingizwa barazani, asubuhi kilitolewa uani. Sikuzani alikibeba peke yake siku zote. Aliinama huku miguu imenyooka, akakikumbatia, akajipinda nacho mpaka uani. Kiuno kilimnung'unikia mara kwa mara, naye hakukisikiliza.

Siku moja maharage yaliungua. Mgeni alikuwa akimsuka Sihaba, akasahau chungu. Wapagazi walionusa harufu ya kuungua waliondoka, wakaenda kula nyumba nyingine. Sikuzani alikasirika. Alisema mengi, na mwisho akasema neno ambalo hakuwahi kulisema: kwamba mwanamke asiyezaa hajui uchungu wa kulisha mtoto.

Mgeni aliepua chungu, akamwaga maharage yaliyoungua. Kisha akamwona Sikuzani anainamia kinu ili akiingize barazani.

"Dada, kinu hicho kitakuvunja kiuno," alisema. "Niite tukibebe wawili. Hutaki, basi, kivunjike. Mimi simo."

Sikuzani alimpa mgongo. Alikibeba peke yake.

Asubuhi ya pili yake msafara mkubwa uliingia mjini, na watu wakaanza kuulizia chakula mapema. Sikuzani alitoka usingizini akakimbilia kinu. Aliinama kwa haraka, akakinyanyua, akageuka kabla hajasimama sawasawa. Hapo akasikia kitu kimekatika chini ya mgongo, upande wa kulia. Maumivu yalimchoma kama chuma cha moto. Kinu kikamponyoka. Akapiga magoti chini, asiweze kuinuka wala kulala.

Mgeni ndiye aliyefika wa kwanza. Alimshika makwapani, akamsaidia kufika kitandani.

Mama yake Mwinyijuma, Bi Ashatu, alikuwa akikaa nyumba ya pili. Aliitwa, akaja, akamtazama mkwewe. Akasema mtu mzima mwenye afya haanguki hivi hivi asubuhi, bila homa na bila kupigwa. Kuna mkono wa mtu. Akawatoa wote chumbani, akainama karibu na sikio la Sikuzani.

"Nani amekutamkia neno?"

Sikuzani alikuwa na maumivu, na hasira ya jana ilikuwa haijapoa.

"Mgeni," alisema. "Alisema kinu kitanivunja kiuno. Alisema, kivunjike."

Alisema hayo tu. Habari ya kuitwa wabebe wawili hakuisema.

Mganga aliletwa siku ile ile. Alimlaza Sikuzani kifudifudi, akamwambia mwanamume mmoja mnene ampande mgongoni, atembee juu yake ili kumtoa mdudu wa uchawi. Sikuzani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha mganga akampiga chale kiunoni, akazisugua kwa dawa nyeusi. Akaamuru alale chali, asinyanyuke kwa lolote, mpaka aliyemroga aondoke uani na uchawi wenyewe umtoke. Alipoulizwa ni nani, alisema ni mwanamke anayekula katika chungu kimoja na mgonjwa.

Hakukuwa na mwanamke mwingine wa namna hiyo.

Mwinyijuma hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuogopa. Usiku alimsikia mkewe akiugua, mchana alimsikia mama yake akilaumu. Mwishowe alisimama uani mbele ya majirani, akampa Mgeni talaka tatu kwa mara moja. Mgeni aliuliza amekosa nini. Majirani walianza kutawanyika. Alifunga nguo zake katika kanga, akashika njia ya Kerege kwa kaka yake, Mrisho. Sihaba alimshika mguu, na ilibidi watu wawili wamtoe.

Sikuzani aliyasikia yote hayo akiwa kitandani. Angeweza kusema. Alifumba macho.

Mgeni aliondoka, na kiuno hakikupona. Mwezi ulikuwa mwembamba Sikuzani alipolazwa. Ukajaa, yeye bado yu chali. Chale zilifanya usaha. Mgongo ulikauka kama gome. Miguu ilianza kukonda, na kila alipojaribu kugeuka, kiuno kilikaza zaidi. Bi Ashatu akaanza kusema labda uchawi umeachwa umezikwa uani. Wakachimba uani. Hawakukuta kitu.

Jirani yao mmoja aliitwa Kulwa. Alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka pwani na mumewe mpagazi, mume akafa, yeye akabaki. Kazi yake ilikuwa kuwakanda wapagazi waliofika na maumivu. Wakati haya yanatokea alikuwa safarini bara. Aliporudi alikwenda kununua unga, akakuta kinu kimekauka. Akaomba kumwona mgonjwa.

"Shikamoo, mama," Sikuzani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unafanya nini maumivu yalipoanza?"

Lilikuwa swali jepesi, na katika siku zote zile hakuna aliyeliuliza. Sikuzani akaeleza alivyoinama, alivyogeuka, alivyosikia kitu kimekatika.

Kulwa hakumgusa kwanza. Alimwuliza kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti. Hapana, yako kiunoni, na kidogo kwenye tako. Akauliza kama miguu ina ganzi, au kama mapaja kwa ndani yamekufa ganzi. Hapana. Kama haja ndogo na kubwa zinamtoka bila habari yake, au zinakataa kutoka. Hapana. Kama ana homa, au alianguka kutoka juu. Hapana. Akamwambia asukume kiganja chake kwa unyayo, mguu mmoja kisha wa pili. Miguu yote ilikuwa na nguvu. Ndipo akamgeuza ubavu, akabonyeza taratibu kando ya uti wa mgongo. Nyama za upande wa kulia zilikuwa ngumu kama kamba iliyovutwa.

"Hii ni nyama ya kiuno," alisema. "Imevutwa kupita kiasi, imejeruhiwa, nayo imekaza ili kujilinda. Mfupa haukuvunjika. Hakuna mdudu."

Bi Ashatu alikuwa mlangoni. Aliuliza, na mkono wa mtu je?

"Bibi, katika kila safari nimeona viuno vinashtuka. Mtu anainua pembe ya ndovu kwa pupa, anajipinda, chali. Ingekuwa kila kiuno kimerogwa, hakuna msafara ambao ungefika pwani."

 Bi Ashatu alikaa chini pale pale mlangoni.

Kulwa akaanza kazi, na kila alilofanya alilieleza. Alikunja mkeka, akauweka chini ya magoti ya Sikuzani ili yainuke. Kiuno kikalegea kidogo, na Sikuzani akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu alipoumia. Akilala ubavu, aliambiwa, aweke mto katikati ya magoti. Kulwa akasema angalikuwapo siku ile ya kwanza, angaliweka kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungi, kwa muda mfupi, mara kwa mara. Sasa siku zimepita, na linalofaa ni joto. Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakijaribu kwenye mkono wake mwenyewe ili kisiunguze, kisha akakiweka kiunoni kando ya vidonda vya chale. Vidonda vyenyewe alivisafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kisha akapaka mafuta ya nazi, akakanda polepole kwa kiganja. Alisema kukanda kusimfanye mgonjwa alie. Na mtu asipandwe mgongoni kamwe.

"Sasa utainuka," alisema.

Sikuzani akaogopa. Alisema aliambiwa asinyanyuke.

"Hilo ndilo lililokudhoofisha. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha. Ukilala zaidi, nyama inakauka na kukaza. Geuka ubavu. Shusha miguu. Jisukume kwa mikono. Usijikunje kutoka chali."

Alisimama. Alitetemeka, jasho likamtoka, lakini alisimama. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Kulwa akamwambia afanye hivyo mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, na kila siku aongeze. Maumivu kidogo si hatari. Lakini miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, au haja zikikataa kutoka au zikitoka zenyewe, au homa ikiingia, hiyo ni habari nyingine. Hapo asikandwe, apelekwe haraka kwa tabibu anayejua mambo makubwa kuliko yeye.

Sikuzani alifuata aliyoambiwa. Kwanza alifika uani, kisha kisimani, kisha akazunguka mtaa. Vidonda vikafunga. Kulwa akamfundisha kuinua kitu: usogee karibu nacho, miguu ipanuke, uchuchumae, ukivute kifuani, unyanyuke kwa nguvu za miguu. Usijipinde ukiwa na mzigo, geuza miguu. Na kizito kisiinuliwe na mtu mmoja. Mwita mwenzako.

Sikuzani aliposikia neno lile la mwisho, alilia. Kulwa alidhani kiuno kimemuuma.

Siku hiyo hiyo alimwambia mumewe maneno yote ya Mgeni, ya mwanzo na ya mwisho. Mwinyijuma alisikiliza akitazama mikono yake iliyoliwa na chokaa.

"Hukusema uongo," alisema. "Uliyakata maneno."

Alikwenda kwa kadhi. Kadhi alimwambia analolijua kila mtu: aliyetaliki tatu hana njia ya kumrejea mkewe, ila mke aolewe na mwingine, na ndoa hiyo nayo ivunjike. Mwinyijuma alirudi nyumbani. Tangu hapo hakula alichopika mama yake.

Sikuzani alipopata nguvu kamili, alifuatana na watu waliokuwa wakienda kusini, akafika Kerege. Alimkuta Mgeni amekaa nje ya nyumba ya kaka yake na chungu cha uji. Chungu kilikuwa kimejaa, na uji ulikuwa umeganda juu. Watu walipita. Hakuna aliyenunua. Habari ilikuwa imefika kabla yake: huyu ndiye aliyemroga mke mwenziwe.

Sikuzani alipiga magoti. Alisema alikosea, alisema yote, akaomba radhi.

Mgeni alimtazama alivyopiga magoti na alivyonyanyuka bila kushikwa.

"Kiuno chako kimepona," alisema. "Jina langu nitalikanda kwa mafuta gani?"

 Sikuzani aliingia ndani, akamwomba Mrisho awaite majirani. Walipokusanyika, alisimama mbele yao akaeleza. Alisema aliinua kinu vibaya, kwa haraka na kwa kujipinda, na nyama ya kiuno ikashtuka, kama inavyoweza kumshtuka yeyote. Alisema Mgeni alimwonya na kumtaka amsaidie, na yeye ndiye aliyelificha neno hilo. Aliwaonyesha makovu ya chale. Aliwaeleza Kulwa alivyomtibu, kwa maji ya moto, mafuta na kutembea, na kwamba hakuna uchawi uliotolewa popote. Wengine walitikisa kichwa. Wengine waliondoka kabla hajamaliza. Mzee mmoja, ambaye kiuno chake kilikuwa kikimuuma tangu majuzi, alimtaka arudie habari ya mkeka chini ya magoti.

Asubuhi, mke wa Mrisho alitoka na bakuli lake. Tangu Mgeni afike, mwanamke huyo hakuwahi kugusa chakula alichopika Mgeni. Alichota uji, akaketi mahali ambapo kila mpita njia angemwona, akanywa mpaka mwisho. Baadaye yule mzee naye alimtuma mjukuu wake na kata ya kuchotea uji.

Mgeni alimsindikiza Sikuzani mpaka njiani.  Wachuuzi waliokuwa wakienda Bagamoyo walipotokea, Mgeni alisimama.

"Msalimu Sihaba," alisema. "Mwambie nywele zake asukwe taratibu, utosi wake unauma. Na wewe usirudi tena."

Sikuzani aliitikia. Akafuata wachuuzi. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, naye alitembea mpaka Bagamoyo bila kupumzika. Kiuno hakikumuuma hata kidogo.