Chelimo Aliyezaliwa Usiku

Kila asubuhi Mwihaki alimsaidia mama yake kupanga viazi kwenye kibanda chao pale mtaa wa Kapsoya, akanywa chai yake haraka haraka, akavaa sweta ya shule na kushika njia. Jina lake aliliacha nyumbani pamoja na kandambili. Akishaingia langoni mwa shule, aliitwa Chelimo. Nyumbani Mwihaki, shuleni Chelimo, na msichana mwenyewe ni mmoja tu, wa miaka kumi na mitatu, darasa la nane!

Usimcheke, tafadhali. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, nyumba yao ya Burnt Forest, si mbali na Eldoret, iliteketezwa kwa sababu ya kabila lao. Jirani yao, Mama Chelimo, ambaye hakuwa wa kabila hilo, aliwaficha kwenye ghala lake la mahindi siku mbili, kisha akawatoa salama hadi kambi ya wakimbizi. Walipoondoka kambini na kuhamia mjini Eldoret, karatasi zao zote zilikuwa zimekwisha kuwa majivu. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha wanafunzi wageni aliuliza, "Unaitwa nani?" Mwihaki akataja jina la kwanza lililomjia, la yule binti wa jirani. Mama yake alikuwa amesimama pale pale. Aliinamisha kichwa, akaliacha liandikwe.

Tangu siku hiyo woga ndio uliomlea mtoto huyu. Alichagua dawati la karibu na mlango. Akiombwa penseli, alitoa hata ikiwa ndiyo aliyokuwa akiandikia. Wenzake wakilitania kabila lake bila kujua, yeye ndiye aliyecheka kuwashinda wote. Kila alichoambiwa alijibu, "Sawa sawa." Basi wakambandika jina la tatu, Sawa-Sawa.

"Huyo alizaliwa hivyo," alisema Kipngetich, kiranja wa darasa, na kila mtu akaamini. Hata Mwihaki mwenyewe aliamini.

Mambo yaliharibika mwezi wa pili mwaka wa 2011. Mwalimu wao, Bi. Nasike, alikuwa mama mcheshi kutoka Bungoma, ambaye likizo zake alizitumia chuoni Chepkoilel akisomea saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu. Jumatatu asubuhi aliwatangazia kwamba kila mmoja alete cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa ili waandikishwe kwa mtihani wa taifa.

"Asiyeleta hafanyi mtihani," alisema. "Na jina litakaloandikwa ni la cheti, si haya majina yenu ya utani!"

Cheti kipya kilikuwapo nyumbani, ndani ya Biblia ya mama, na kiliandikwa waziwazi: Mwihaki Wanyoike. Jumanne msichana akasema amekisahau. Jumatano akasema kimelowa, kinaanikwa. Jioni hiyo mama yake alimketisha chini.

"Mwihaki, bila mtihani huu huendi sekondari. Utasema kesho wewe mwenyewe, ama nije niseme mimi?"

"Wataniambia mimi ni mwongo, Mama. Cherono hatakubali kukaa na mimi tena." Cherono alikuwa rafiki yake wa dawati moja.

"Na usiposema?"

Mwihaki aliichukua Biblia, akakitazama cheti, akakirudisha.

Alhamisi kulikuwa na kusoma insha, na kichwa kilikuwa "Siku Niliyozaliwa". Zamu ya Mwihaki ilipofika, alisimama, akasoma kwa sauti ndogo. "Nilizaliwa usiku wa manane. Mama anasema hata taa ilikuwa imezimika..."

"Ngoja!" Cherono alishindwa kujizuia. "Chelimo gani anazaliwa usiku? Chelimo ni wa asubuhi, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Mimi nilizaliwa jioni mifugo ikirudi, ndio maana naitwa Cherono. Wa usiku ni Chepkemoi. Hata nyanya yangu asiyejua kusoma anajua hiyo!"

Darasa likaangua kicheko. Miaka mitatu amelitumia jina la wenyewe, na hata siku moja hakuuliza maana yake!

"Mwongo huyo!" Kipngetich akadakia. "Amezaliwa mwongo!"

Bi. Nasike aliinua mkono, kicheko kikakatika. "Pengine ulipewa jina la nyanya yako tu," alisema kwa upole. "Au sivyo?"

Njia ya kuponyoka ndiyo hiyo, imefunguliwa mbele yake. Darasa zima likangojea lile neno lake la siku zote. Mwihaki aliutazama mlango, kisha akamtazama mwalimu.

"Hapana," alisema.

Hawakuwa wamewahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Hapana, Mwalimu. Chelimo ni binti wa jirani yetu wa Burnt Forest. Mama yake alituficha ghalani. Mimi ni Mwihaki Wanyoike." Machozi yalimtiririka, lakini hakuketi mpaka alipomaliza kueleza yote.

Cherono alikuwa amekasirika kwelikweli. "Miaka mitatu tunakula pamoja, na hata jina lako hukuniambia!"

"Niliogopa utanichukia."

Bi. Nasike alikuja akasimama kando yao. "Kipngetich, unasema amezaliwa mwongo. Kwenye masomo yangu nimekutana na wataalamu waliosema tabia ya mtu hutokana na msukumo ulio ndani yake tangu utotoni. Wengine wakaja baada yao wakasema, jamani, msiisahau jamii! Mtoto akizungukwa na watu wa kumtia hofu, lazima atatafuta kinga. Mmoja atakuwa mkali, mwingine atajitenga, na mwingine ataitikia kila kitu sawa sawa ili asiumizwe. Huyu hakuzaliwa Sawa-Sawa. Sisi watu wazima ndio tuliomfanya hivyo, mwaka ule."

Akamgeukia Mwihaki. "Lakini na wewe nisikilize. Ulipokuwa mdogo, uongo ulikukinga. Juzi ulikuwa karibu kukunyima mtihani. Mtu akishajua tabia yake imetoka wapi, ana uwezo wa kuibadilisha, na leo umeanza. Nanyi wengine, tabia ya mwenzenu inategemea pia mnavyoishi naye. Mmesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Cherono alisimama, akachukua mkoba wake. Mwihaki akajua basi, rafiki amekwenda. Kumbe Cherono alishika upande mmoja wa dawati.

"Shika huko tuhamie katikati," alisema, bado amenuna. "Upepo wa mlango huu umenitesa miaka mitatu, na nimenyamaza kwa sababu yako!"

Ijumaa cheti kilikuwa mezani kwa mwalimu kabla ya kengele. Majina yalipoitwa, "Mwihaki Wanyoike" aliitika "Nipo!" hadi darasa la saba wakasikia.

"Mwihaki," alinong'ona Kipngetich kutoka nyuma, akilijaribu jina hilo jipya, "hebu nipe penseli yako."

"Hapana," alisema Mwihaki, akaendelea kuandika. "Naitumia. Nikimaliza nitakupa."

Kipngetich alikuna kichwa. "Sawa sawa," akasema, na darasa zima likacheka.