Udongo wa Mgombani

Asubuhi ile ya Januari 1974, Petronilla alikuwa akisugua sufuria kwa majivu nyuma ya jikoni. Binti yake Atyang, mtoto wa miaka minne, alikuwa akimwagia migomba maji ya vyombo na kujisifu kwamba anapika supu. Kiangazi kilikuwa kimekausha Chakol yote, lakini Petronilla hakuwa na la kulalamikia. Nyumba yake ilikuwa ya mabati na sakafu ya simenti. Mumewe, Echodu, alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, na kwao sukari haikuwahi kwisha. Ng'ambo ya ua, katika nyumba ya nyasi, aliishi Akiror na wanawe watatu. Akiror alikuwa mjane wa Oluka, mdogo wake Echodu. Kwake sukari ilionekana Krismasi, tena si kila Krismasi.

Echodu alitokea mlangoni amevaa koti, siku isiyo ya kazi.

"Mama Atyang, nichotee udongo kidogo. Funga kwa hii leso."

"Wa nini?"

"Wewe chota tu. Na usiambie mtu."

Petronilla alijaribu kuchimba kando ya ghala, jembe likaruka. Akajaribu karibu na zizi, likaruka tena. Basi akaenda pale mgombani ambapo ardhi ilikuwa laini kwa maji ya vyombo, akachota kiganja kimoja, akafunga leso. Hakufikiria zaidi ya hapo. Nani hufikiria juu ya udongo?

Siku hiyo watu wa kupima mashamba walikuwa wanakuja. Serikali ilikuwa imeamua kila shamba lipimwe, lipewe namba na jina la mwenyewe. Jambo zuri, walisema wote, magomvi yataisha. Baba yao Echodu, kabla hajafa, alikuwa amegawa shamba lake: upande wa mto wa Echodu, upande wa barabara wa Oluka. Kijiji kizima kilijua. Lakini Echodu alisimama mbele ya kamati ya wazee, akasema bila haya kwamba shamba lote ni lake na marehemu ndugu yake alikuwa ameazimwa tu mahali pa kulima.

Akiror alisimama na watoto wake. "Shemeji, hawa watalima wapi?" aliuliza. "Si ulikuwepo baba akigawa?"

Wazee walitazamana. Kwao, mzozo wa namna hii ulikuwa na dawa yake ya tangu zamani. Anayedai ardhi huokota udongo wa ardhi hiyo, huula mbele za watu, huapa. Akiwa mwongo, udongo utamdai. Wengi walioanza kudai kwa kelele walikuwa wamerudi nyumbani kimya walipoambiwa wameze.

Echodu hakurudi. Aliinama, akaokota udongo, akageuka kidogo kuvua kofia kwa heshima. Mkewe peke yake ndiye aliyeona mkono ukiingia mfukoni. Kilichoingia mdomoni kilitoka kwenye leso, udongo wa ua wake mwenyewe, si wa upande wa Oluka.

"Huu udongo nimekula," Echodu alisema, midomo imechafuka. "Kama nadanganya, na ukule damu yangu."

Wazee wakakubali. Shamba lote likaandikwa jina lake. Petronilla aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, na akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ya mabati, ya sukari, ya mtoto wake. Sitamtetea, lakini najua wengi ambao wangenyamaza vilevile.

Mvua haijaanza, Akiror akafukuzwa. Alipokwenda ofisini kulalamika aliambiwa namba ikishatoka imetoka, arudi kwao. Alirudi kwao Amukura, kaka yake akampa pembe ya shamba yenye kibanda, naye akawa kibarua wa kulimia watu. Mwaka huo serikali ilifuta karo kwa madarasa ya chini, kwa hivyo mwanawe mkubwa, Emukule, alienda shule. Alienda na njaa, lakini alienda.

Huku Chakol, mambo yalianza kidogokidogo. Petronilla alimwaga maji ya vyombo mgombani, yakakaa juu ya udongo bila kuzama. Alipogeuka alisikia yakimezwa kwa pamoja, kwa sauti ya koo. Alicheka. Wiki ile kuku aliyekuwa akiatamia chini ya migomba alipotea. Hapakuwa na unyoya wala damu. Mayai yalikuwepo, yangali na joto.

Kisha akaanza kusikia kutafuna. Ilikuwa mchana, jua la utosi, watu wakila. Sauti ilitoka chini, taratibu, ikaacha, ikaendelea. Echodu akasema ni mchwa. Alisema akiwa ameinua miguu yake juu ya kiti.

Siku moja, baada ya chakula, Petronilla alimkosa Atyang. Aliita. Kimya. Alizunguka jikoni, akamwona mgombani, amesimama wima. Hakulia. Udongo ulikuwa umemfika magotini.

"Mama," mtoto alinong'ona, "iko mtu hapa chini. Anasema mimi ni wake."

Petronilla alimshika kwapani, akavuta. Huko chini nako kulivuta. Akavuta tena. Mtoto alitoka ghafla, wakaanguka wote wawili, na shimo likajifumba.

Alimpangusa miguu. Kuzunguka vifundo vyote viwili kulikuwa na alama za meno. Meno madogo. Ya mtoto mchanga anayeanza kuota.

Hapo ndipo alipokumbuka. Atyang alipozaliwa, mkunga aliuliza wazike wapi kondo la nyuma, naye Petronilla mwenyewe alionyesha kwa kidole: pale, chini ya migomba. Echodu alikuwa ameapa uongo kwa udongo wa mtoto wake. Na aliyeuchota ni mama.

Alimweleza mumewe. Echodu alibadilika rangi. Kisha akapata jibu lililomfaa.

"Ni Akiror," akasema. "Yule ni mchawi. Nitaambia vijana wa Malaba wamtembelee."

"Baba Atyang, rudisha shamba. Kula ule udongo wenyewe, sema ukweli. Mtoto atapona."

"Upande wa barabara nimeshauza. Tajiri anataka kuegesha malori hapo." Alisimama. "Hiyo shimo nitaifunga mdomo. Simenti iko."

Mwenye pesa ana dawa moja kwa kila ugonjwa. Kesho yake lori lilileta simenti na kokoto, na mafundi wakaanza kumwaga ua mzima, kutoka mlangoni hadi mgombani. Petronilla alimfunga Atyang mgongoni. Tangu siku ile ya shimo hakumruhusu akanyage chini hata mara moja, na majirani walimcheka kwa kubeba mtoto mkubwa hivyo. Aliondoka na nguo aliyovaa, akatembea hadi Amukura.

Akiror alikuwa akipalilia. Alimwona, hakuacha jembe.

"Mama Emukule," Petronilla alisema, "nimekuja kusema ukweli." Akausema wote, na leso, na mgomba, na vijana wa Malaba. Akafunua miguu ya mtoto.

Akiror aliangalia alama zile za meno. "Mimi sina uchawi, dada," akasema. "Mimi nina njaa tu." Kisha akamfungua mtoto mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akamsimamisha juu ya udongo wa Amukura.

Walisubiri. Hakuna kilichotafuna. Petronilla akalia mpaka akakaa chini.

Alibaki hapo. Alilima vibarua na Akiror, na kila aliyewauliza habari za uchawi alisimuliwa habari za leso, hata vijana wa Malaba wakaona aibu kuja. Shamba halikurudi. Namba ni namba. Echodu aliendelea na mizigo yake, akanenepa, akaoa mwingine. Sitawadanganya kwamba aliadhibiwa. Hata kichwa hakikumuuma.

Ila ile simenti. Siku moja tu baada ya Petronilla kuondoka, ilikuwa imekauka, na juu yake kulikuwa na nyayo za mtoto, kutoka mgombani kwenda mlangoni. Nyayo hukandamiza chini. Hizi zilikuwa zimevimba kuja juu, vidole vyote, kana kwamba aliyepita alipita chini ya simenti, kichwa chini. Echodu alileta fundi akazichonga kwa patasi. Zikarudi. Fundi hakurudi.

Mwaka hata mwaka zikawa zinakua. Mke mpya hakukaa, na aliyemfuata hakukaa.

Mwaka 1979 Petronilla alipita Chakol kwa mazishi, akajikaza, akachungulia uani. Alikuwa amebeba viatu vya shule vya Atyang, amevitoa kwa fundi wa viatu, vina soli mpya. Echodu hakuwepo. Alipanda juu ya simenti kwa ncha za vidole, akaweka kiatu kimoja juu ya unyayo mmoja. Vililingana sawasawa.

Akageuka kuondoka mbio. Ndipo akaona kwamba mwaka huu nyayo haziishii mlangoni. Zilitoka mgombani, zikapita mlango, zikapita lango. Ya mwisho ilikuwa nje kabisa, mahali simenti ilipokwisha, imeinuka katika udongo wa barabara, vidole vikielekea Amukura. Aliinama kuigusa. Ilikuwa na joto.